Sura ya Tano: Mtoto Kainamia Simu, Je, Anasoma Kweli?

Swali hili husikika kwenye vikao vya wazazi, na walimu nao huulizana wakiwa peke yao ofisini. Mtoto yuko mbele ya simu au kompyuta, anasema yuko masomoni, na mtu mzima anayemtazama hana njia ya kujua kama kichwani mwake kinaingia kitu au kinatoka. Wapo wanaojibu kwamba dunia imebadilika, kwa hiyo masomo yote yahamie mtandaoni. Wapo wanaojibu kwamba simu haijawahi kumfundisha mtu isipokuwa uvivu, kwa hiyo ifungiwe kabatini hadi mtihani uishe. Makundi haya mawili yanapingana kwa sauti kubwa, lakini yana kosa moja la pamoja: yote yanadhani kwamba chombo ndicho kinachofundisha au kinachoharibu.

Sura hii inatetea jibu jingine. Mtoto hujifunza mtandaoni pale anapopewa jambo la kutenda pamoja na wenzake, lenye ugumu unaomlazimu kufikiri, na mwalimu akiwa karibu kufuatilia alichofanya. Mambo hayo yakiwapo, hata simu ndogo ya batani inaweza kubeba somo zuri. Yakikosekana, hata mashine ya gharama kubwa kuliko zote inabaki kuwa kitu cha kutazama. Ushahidi wa jibu hili tunao wa zaidi ya miaka arobaini, kutoka Marekani na Uingereza, na pia kutoka Kenya, Tanga, Zanzibar na Botswana.

## Tunazungumzia nini hasa

Ulimwengu pepe ni mahali palipoundwa ndani ya kompyuta, ambapo watu wengi huingia kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwao, wakaonana, wakazungumza na kufanya jambo pamoja. Mtu huwakilishwa humo na avata, yaani umbo la kwenye skrini analoliongoza kwa vidole: akitaka litembee linatembea, akitaka libebe kitu linabeba. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo ambao mwenzake Richard Bartle aliuendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba au njia aliyopo, akaandika anachotaka kufanya, na wachezaji wengine wakaona matokeo. Hata hivyo misingi yote ilikuwamo: mahali, watu, na matendo yenye matokeo.

Mitandao ya kijamii ni huduma za intaneti zinazowawezesha watu kufungua akaunti, kufahamiana na kupashana maandishi, sauti, picha na video: Facebook, WhatsApp, TikTok na nyinginezo. Tofauti kati ya vitu hivi viwili ni muhimu kwa mwalimu. Ulimwengu pepe unampa mwanafunzi mahali pa kutenda. Mtandao wa kijamii unampa mahali pa kusema na kusikilizwa. Mwalimu anayechanganya mambo haya mawili hutafuta mazungumzo mahali pa vitendo, na vitendo mahali pa mazungumzo, kisha akaondoka akisema teknolojia haifai.

## Darasa lilelile ndani ya jengo jipya

Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilifungua ulimwengu pepe ulioitwa Second Life. Haukuwa mchezo wa kushinda na kushindwa. Mtu alikodi ardhi ya kidijitali, akajenga anachotaka na kukutana na anayemtaka. Vyuo vikuu vilivutiwa mno. Mwaka 2006 kitivo cha sheria cha Harvard kilitoa kozi iliyoendeshwa kwa sehemu humo, na watu wasio wanafunzi wa chuo hicho waliweza kuifuata. Baada ya muda mfupi vyuo vingi vya Marekani na Ulaya vilikuwa na visiwa vyao vya kidijitali humo, na mikutano ya walimu ilijaa hadithi za shule za siku zijazo.

Kilichofuata kinafundisha sana. Vyuo vingi vilipopewa mahali ambapo mtu anaweza kuruka angani au kuingia ndani ya moyo wa binadamu, vilijenga kumbi za mihadhara. Avata zilikaa kwenye viti, mbele kulikuwa na skrini ya slaidi, na avata ya mhadhiri ilizungumza kwa saa nzima. Viungo vya avata havichoki, kwa hiyo viti vile havikuwa na kazi yoyote. Mwanafunzi aliyekuwa akisinzia kwenye ukumbi wa matofali aliendelea kusinzia, safari hii nyumbani kwake bila kuonekana. Jengo lilikuwa jipya, lakini kazi aliyopewa mwanafunzi ilikuwa ileile ya kukaa na kusikiliza. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2010, Linden Lab ilitangaza kuondoa punguzo la nusu ya bei ililokuwa ikizipa taasisi za elimu. Punguzo hilo lilikuja kurudishwa mwaka 2013, lakini katikati hapo vyuo kadhaa vilikuwa vimeshafunga visiwa vyao au kuhamia kwenye programu huria ya OpenSimulator, ambayo chuo kinaweza kuiendesha kwenye kompyuta zake chenyewe.

Kuna masomo mawili hapa. La kwanza ni kwamba ardhi ile ilikuwa ya kukodi, na mwenye nayo alipobadilisha bei, kazi ya miaka ya walimu ilitikisika. La pili ni zito zaidi. Wengi walipoondoka hawakuacha pengo kubwa katika ufundishaji wao, kwa sababu kilichokuwa kikifanyika kule kingeweza kufanyika popote. Kozi iliyohama bila kupoteza kitu ni ushahidi kwamba ulimwengu ule ulikuwa pambo la somo.

## Mji wenye wagonjwa

Linganisha na mradi uliobuniwa Harvard na Chris Dede pamoja na wenzake kwa ajili ya wanafunzi wa umri wa kati ya shule ya msingi na sekondari. Uliitwa River City. Ulikuwa mji wa Marekani wa karne ya 19 uliojengwa ndani ya kompyuta, ukiwa na mto, hospitali, mitaa ya matajiri na mitaa ya maskini, na wakazi wake walikuwa wakiugua. Wanafunzi waliingia kwa makundi madogo wakiwa wageni waliotoka wakati wetu, wakiwa na ujuzi wa sasa. Hakuna aliyewaambia chanzo cha maradhi. Walitembea, wakawahoji wakazi, wakasoma kumbukumbu za hospitali, wakapima maji kwa hadubini ya kidijitali na kuhesabu mbu sehemu mbalimbali za mji.

Ugumu ulikuwa umepangwa kwa makusudi. Ugonjwa haukuwa mmoja: mmoja ulienezwa na maji, mwingine na wadudu, mwingine na hewa. Dalili ziligongana, kwa hiyo kundi lililoharakisha kusema ni maji lilikuta wagonjwa wanaoishi mbali na mto. Kila kundi lilipaswa kuunda dhana, yaani jibu la kukisia linalosubiri kupimwa. Kisha lilirudi mjini na kubadilisha jambo moja tu ili lione kama idadi ya wagonjwa itashuka. Mwisho wanafunzi walimwandikia meya barua ya kueleza walichogundua na ushauri wao, na darasani makundi yalikaa pamoja kulinganisha majibu yaliyotofautiana.

Hapo ulimwengu pepe ulifanya jambo ambalo darasa la kawaida haliwezi. Hakuna shule inayoweza kuleta mlipuko wa ugonjwa ili watoto wauchunguze, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angetaka ifanye hivyo. Wala hakuna mji halisi unaoweza kurudishwa nyuma, ukabadilishwa kitu kimoja, kisha ukaangaliwa upya. Tazama pia nafasi ya mwalimu. Mji haukumwondoa kazini. Yeye ndiye aliyeongoza mjadala wa mwisho, ambamo kundi lililolaumu mbu na kundi lililolaumu kisima walilazimika kutetea ushahidi wao mbele ya wenzao. Bila mjadala huo watoto wangetoka na kumbukumbu ya matembezi mazuri. Kwa mjadala huo walitoka wakijua kwamba katika sayansi dai lazima libebe ushahidi.

Anayeona kwamba mambo ya kuigiza hayana uzito na afikirie marubani. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine ya kuigizia urubani, kibanda chenye usukani na vipimo kilichoinama na kugeuka bila kutoka chini. Mwanzoni ilionekana kama mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi waliopewa kazi ya kubeba barua kufa kwa kuanguka katika hali mbaya ya hewa, jeshi la Marekani lilinunua mashine sita. Katika Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya wanajeshi wa anga nusu milioni walipitia mafunzo yake. Kibanda kile kilifundisha kwa sababu kilimpa mwanafunzi nafasi ya kukosea bila kufa na kurudia hadi apatie. Faida hiyo ndiyo kubwa kuliko zote ambazo ulimwengu pepe unaweza kumpa mwanafunzi yeyote, wa urubani, wa uuguzi au wa kemia.

Kwa ufupi: Ulimwengu pepe unafaa pale jambo la kujifunza ni la hatari, la ghali, la mbali au la zamani, na pale mwanafunzi anaweza kutenda, kukosea na kujaribu tena. Kwa kusikiliza mhadhara haufai.

## Matofali ya Kibera

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya nchi zenye fedha. Mfano ufuatao uko Nairobi. Minecraft ni mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Sweden, ambamo mchezaji hujenga chochote kwa matofali ya umbo la mchemraba, na kila tofali huhesabiwa kuwa mita moja kila upande. Walimu waliuona mapema. Kufikia mwaka 2011 kulikuwa na toleo la shule lililotengenezwa kwa ushirikiano wa mwalimu mmoja wa New York, Joel Levin, na watengenezaji programu wa Finland. Microsoft iliinunua kampuni yenye mchezo huo mwaka 2014 na mwaka 2016 ikatoa toleo lake la elimu. Thamani yake kwa hesabu ni wazi. Mtoto anayejenga jukwaa lisilo na uwazi ndani, la matofali matano kwa manne kwa matatu, hakariri kanuni ya ujazo. Anaihitaji, kwa sababu asipoijua hajui akusanye matofali mangapi.

Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi, lilianza ushirikiano na watengenezaji wa mchezo huo katika mpango ulioitwa Block by Block. Kazi ya mwanzo kabisa ilihusu uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Tatizo lilikuwa la zamani. Wapangaji wa miji huleta ramani, wakazi huombwa maoni, na anayeweza kuisoma ramani ni mtaalamu peke yake. Eneo halisi lilipojengwa ndani ya mchezo, wakazi, vijana hasa, waliweza kuingia, wakaliona kwa kimo cha mtu anayetembea, na kuonyesha kwa mikono yao wanachotaka kiwe wapi. Njia hiyo imeshatumika katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Kwa mwalimu wa uraia au jiografia hilo ni somo kamili. Kijana anayebishana na mwenzake kama taa iwe karibu na choo au karibu na njia anajifunza mambo matatu kwa pamoja: vipimo, usalama wa jamii, na namna ya kukubaliana na mtu mwenye haja tofauti. Kompyuta chache zilizochangiwa zinatosha, kwa sababu kazi yenyewe inahitaji watu wakae watatu au wanne mbele ya skrini moja na kuamua pamoja.

## Kundi la WhatsApp lina kazi gani

Walimu wengi wa Afrika Mashariki hawana kisiwa cha kidijitali wala chumba cha kompyuta. Walicho nacho ni kundi la WhatsApp. Mtaala haukuliweka hapo. Lililetwa na bei ya bando, wepesi wa ujumbe wa sauti na ukweli kwamba wazazi na wanafunzi wa vyuo wamo tayari. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, makundi haya yaligeuka kuwa darasa pekee kwa baadhi ya wanafunzi. Tanzania ilifungua shule katikati ya mwaka huohuo, Kenya ikarejesha madarasa yote Januari 2021, na Uganda ilisubiri hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani.

Katika makundi hayo kosa la Second Life lilijirudia kwa sura nyingine. Mwalimu alipakia madesa ya kurasa thelathini, akaandika "someni", na kundi likajaa alama za dole gumba. Kutuma si kufundisha, na dole gumba halithibitishi kwamba mtu amesoma. Utafiti uliofanyika Botswana wakati huohuo uliliweka jambo hili wazi. Kaya zaidi ya 4,500 zilihusishwa. Baadhi zilipokea ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Nyingine zilipokea ujumbe uleule pamoja na simu ya mwalimu, aliyezungumza na mtoto na mzazi kwa dakika kati ya 15 na 20, akapitia maswali na kusikia majibu. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha maendeleo ya maana. Waliopata na simu waliendelea kwa kiasi kilichopimika. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na simu za mwalimu zilifanya kazi tena. Simu hizo zilikuwa za kawaida kabisa, zisizo na intaneti, picha wala avata. Kilicholeta tofauti ni mtu aliyeuliza, akasubiri, akasikia jibu na kulisahihisha.

Redio ilikwisha kuonyesha jambo hilohilo. Kenya katika miaka ya 1980 ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa madarasa ya chini kupitia redio, na Zanzibar baadaye iliendesha vipindi vya redio vya nyimbo na michezo kwa watoto wadogo. Vipindi vya aina hiyo vina siri moja ya kiufundi: mtangazaji anauliza, kisha ananyamaza sekunde chache ili watoto wajibu kwa sauti, wasimame, wahesabu au waonyeshe kitu. Redio haiwezi kuwasikia, lakini muda ule mfupi unamgeuza msikilizaji kuwa mtendaji. Mwalimu wa leo mwenye simu inayoweza kupokea sauti ya kila mwanafunzi ana uwezo mkubwa kuliko mtangazaji yule, na hana sababu ya kuutumia kwa kutuma kurasa tu.

Chukua somo la takwimu kwa kidato cha pili. Badala ya kutuma maelezo ya wastani, mwalimu anamwomba kila mwanafunzi aulize bei ya kilo ya maharage kwenye genge au soko la karibu na kuituma kwa ujumbe wa sauti, akitaja mahali na siku. Hadi jioni kundi lina bei ishirini zilizokusanywa na wanafunzi wenyewe. Kisha maswali yanakuja: wastani ni ngapi, bei gani imetoka nje ya mkumbo, na kwa nini mtaa mmoja ni ghali kuliko mwingine? Asiye na simu anaandika bei yake kwenye karatasi na kuileta darasani kesho yake, na data yake inahesabiwa sawa na ya wengine. Mtandao umefanya kazi moja tu, ya kukusanya. Kufikiri kumebaki kwa wanafunzi, na kusahihisha kumebaki kwa mwalimu.

Kwa ufupi: Mtandao wa kijamii unafaa kufundishia pale mwanafunzi analeta kitu na kujibiwa. Unapokuwa njia ya upande mmoja, ya mwalimu kupakia na mwanafunzi kupakua, hauzidi ubao wa matangazo.

## Pingamizi zinazostahili majibu

Pingamizi la kwanza ni la kitaalamu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Clark aliandika kwamba vyombo vya kufundishia havina athari yoyote kwa kujifunza kwenyewe: ni kama lori linaloleta chakula, ambalo haliwezi kusifiwa kwa afya ya wanaokula. Kinachofundisha ni mbinu. Hoja yake ina nguvu, na sehemu kubwa ya sura hii inaiunga mkono. Inawakumbusha wale wanaotabiri mapinduzi kila kifaa kipya kinapotoka, kama Thomas Edison aliyetabiri mwaka 1913 kwamba filamu zingeondoa vitabu shuleni. Lakini Clark anapita mpaka anaposema chombo hakina athari yoyote. Mbinu ya kuchunguza mlipuko wa ugonjwa kwa kubadilisha jambo moja na kurudia haiwezekani kwa chaki. Chombo hakifundishi, lakini huamua mbinu zipi zinawezekana. Ndiyo maana mwalimu anapaswa kuanza na mbinu, kisha aulize kama kuna chombo kinachoifungulia mlango.

Pingamizi la pili ni la usawa, na ndilo zito kuliko yote kwetu. Wapo wenye simu na bando, na wapo wasio na umeme. Kugawa mashine peke yake si jibu. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi laki kadhaa, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 katika shule za vijijini haukukuta maendeleo katika hesabu wala lugha baada ya miezi 15, kwa kuwa mashine zilifika bila mpango wa ufundishaji. Mkoani Tanga matokeo yalikuwa tofauti. Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto wapatao 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, vikichajiwa kwa nguvu ya jua. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio ya kujivunia, na tofauti na Peru inaeleweka: programu zilitungwa kwa lugha ya mtoto, na kila hatua ilimtaka atende jambo kabla ya kuendelea. Lakini kwa wale ambao hata baada ya muda wote huo hawakuweza kusoma neno, kishikwambi peke yake hakikutosha. Kwa hiyo usawa unadai mambo mawili kwa pamoja: kazi zigawanywe ili asiye na kifaa ashiriki kikamilifu, na pesa za vifaa zisichukuliwe kwenye fungu la kuajiri walimu.

Pingamizi la tatu ni la usalama. Ni la haki kabisa, na mwalimu asiyelipa uzito hafai kumiliki kundi la wanafunzi. WhatsApp na Facebook zimeweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hizi zina meno: Septemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hatari zaidi ni mazungumzo ya faragha kati ya mtu mzima na mtoto. Kanuni rahisi inatosha: hakuna ujumbe wa siri kwa mwanafunzi, mazungumzo yote yawe kwenye kundi ambamo kuna mwalimu mwingine au mzazi, na kwa watoto wadogo kundi liwe la wazazi.

Pingamizi la nne ni kwamba mtandao unavuruga akili. Mwanafunzi anafungua simu kwa ajili ya hesabu na dakika tano baadaye yuko kwenye video za vichekesho. Ni kweli, na si udhaifu wa watoto peke yao, kwani programu hizi zimetengenezwa ili mtu asitoke. UNESCO ilieleza mwaka 2023 kwamba nchi chini ya moja kati ya nne zilikuwa zimepiga marufuku simu janja shuleni, na marufuku hiyo ina mantiki pale simu haina kazi ya somo. Lakini marufuku ya getini haimfikii mtoto saa mbili usiku akiwa kitandani. Huko anahitaji tabia, na tabia hujengwa kwa kufanya kazi fupi yenye mwisho unaojulikana: tafuta, tuma, funga simu. Kijana ambaye hakuwahi kuonyeshwa matumizi yenye lengo atafundishwa matumizi yasiyo na lengo na programu zenyewe.

## Maswali sita kabla ya kuanza

Mwalimu anayetaka kutumia ulimwengu pepe au mtandao wa kijamii ajibu maswali haya kwa maandishi. Akikwama kwenye mawili, asubiri.

1. Mwanafunzi atatenda nini, mbali na kusoma na kutazama?
2. Kwa nini jambo hili haliwezi kufanyika vizuri vilevile kwa chaki, kitabu au matembezi ya nje?
3. Nani atajibu kazi ya mwanafunzi, na baada ya muda gani?
4. Asiye na kifaa au bando atashiriki vipi bila kuaibishwa?
5. Nani anaona mazungumzo, na picha na sauti za watoto zitahifadhiwa wapi?
6. Kampuni yenye programu ikipandisha bei au kufunga kesho, tutabaki na nini?

## Kinachodaiwa kwa wenye mamlaka

Hoja ya sura hii ina gharama, na haifai kuficha gharama hiyo. Ikiwa kinachofundisha ni kazi nzuri na mwalimu anayeijibu, basi mwalimu anahitaji muda wa kuitunga na muda wa kuijibu. Mwenye darasa la watoto 80 na vipindi vya asubuhi hadi jioni hawezi kusikiliza ujumbe wa sauti 80 usiku kwa bando la mfukoni mwake. Serikali na wafadhili hupenda kununua vifaa kwa sababu vinahesabika na kupigwa picha siku ya makabidhiano. Saa za mwalimu hazipigwi picha. Hata hivyo Botswana imeonyesha kwamba saa hizo, zikitumiwa kupitia simu ya kawaida, zinaleta mafanikio ambayo ujumbe peke yake haukuyaleta, na Peru imeonyesha kwamba mashine zisizo na mpango wa ufundishaji hazileti kitu.

Vyuo vya ualimu basi vifundishe kutunga kazi kabla ya kufundisha kubofya, kwani programu zitabadilika kabla mwanachuo hajahitimu, lakini uwezo wa kutunga swali linalomlazimu mtoto kufikiri hautachakaa. Shule zilipie bando la kazi kama zinavyolipia chaki. Na mzazi anayetaka kujua kama mwanawe anasoma kweli amuulize maswali mawili: umepewa kazi gani, na mwalimu amekujibu nini? Mtoto akiweza kuyajibu yote mawili, yuko darasani. Akishindwa, mzazi apeleke maswali hayohayo shuleni, kwa sababu huko ndiko yanakopaswa kupata jibu.